Neno la Herufi Mbili

Ujumbe ulikuwa mfupi.

"Sumu imeitwa chakula. Izuie. Mjomba."

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara, na Sindano, jasusi wake, hakuwa na tabia ya kumwuliza mara mbili. Alichomeka bastola yake ya Glock kiunoni, akaifunika kwa koti, akaingia ofisi kuu ya bandari kavu na kadi ya mgeni shingoni.

Chumba cha kamusi ya kompyuta kilikuwa ghorofa ya tatu. Mlikuwa na kiyoyozi, skrini nne na mwanamume mmoja aliyejaa majivuno hadi kwenye kola. Walimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha hata kasuku.

"Mfumo wangu unasoma kila kitu," alijitapa kabla hajaulizwa. "Hati za mizigo, mageti, hata kadi ya mlango huo. Kila neno la Kiingereza lina lebo. Chakula, nguo, sumu. Likiwa sumu, geti linajifunga. Lebo nabandika mimi."

"Na kubandua pia."

Profesa alitabasamu. Hakuona haja ya kukana.

Kughushi hati kungewalazimu wenye mzigo kuhonga nusu ya bandari. Wakamhonga huyu mmoja. Hati zikabaki za kweli, kamusi ndiyo ikadanganya. Jina la dawa ya kuulia panya likapewa lebo ya chakula, lipite bila kukaguliwa. Wajinga hawa hawakujua kwamba chakula hupangiwa ghala na kompyuta yenyewe, na dereva hufuata inakomtuma.

Redio ilikwaruza sikioni. Alikuwa Mjomba.

"Sindano, lori limebakiza geti moja. Linakwenda ghala la unga wa uji wa shule. Mapipa yakifika yanamiminwa moja kwa moja."

"Piga simu ghalani."

"Haipokelewi. Vijana wetu bado wako mbali."

"Zamu ya nani mashineni?"

"Ya dada yako."

Bastola ikatoka.

"Rudisha lebo."

"Nipige," Profesa alisema, akiegemea kiti chake cha ngozi. "Nenosiri liko kichwani mwangu. Maneno yote ya maana nimeyafunga."

"Na yasiyo ya maana?"

Alicheka hadi mabega yakatikisika. "Nani ahangaike na vijineno, dada?"

Sindano alikisukuma kiti hadi ukutani, Profesa akiwa juu yake kama gunia. Akashika kibodi. Aliandika neno la herufi mbili, lile ambalo hakuna hati ya mzigo inayolikosa.

*of*

Likafunguka bila nenosiri. Sehemu ya lebo ilikuwa tupu.

Akaandika: sumu.

Ving'ora vililia uwanja mzima. Dirishani mageti yalishuka moja baada ya jingine, malori yakafunga breki, madereva wakaanza kutukanana.

"Lori letu limekwama ndani," Mjomba alisema redioni. "Na mengine yote. Umeifunga bandari nzima, unajua?"

"Najua, Mjomba. Tumeni polisi. Mwenye lebo yuko hapa, hana pa kwenda."

Profesa alikuwa ameshauvamia mlango. Aligusisha kadi yake. Taa nyekundu. Akaifuta kwenye suruali, akagusisha tena. Nyekundu. Chini ya picha yake palikuwa na cheo alichokipigania kwa miaka: *Head of Data*.

Sindano alimsogeza kando kwa kiwiko. Kadi yake iliandikwa *Visitor* tu. Taa ikawa ya kijani.

"Nitoe na mimi, dada yangu," Profesa alisihi. "Nina familia."

"Hata wale watoto wa uji wana familia."

Mlango ukajifunga kati yao.

Kwenye ngazi alipiga simu ya ghala. Safari hii ilipokelewa.

"Mzigo wetu uko wapi?" dada yake aliuliza kwa hasira. "Mashine imekaa bure."

"Iache ikae, dada. Nenda kanywe chai."

Akavua kadi ya mgeni, akaitupa mezani kwa mapokezi na kutoka. Ghorofa ya tatu, Profesa alikuwa bado anagusisha kadi.