Kigae cha Nasro Barabara ya Namanga

"GPS inasema kopo limepita Kisaju," redio ilisema. Alikuwa Jane, mkubwa wake katika idara ya upelelezi. "Liko kwa lori la buluu. Usilipoteze, Isaak."

Isaak aliongeza kasi. Yamaha ikanguruma.

Lori alilijua. Dereva alimjua zaidi: Keynan, mfanyabiashara wa ng'ombe, ndevu za hina, meno meupe, ambaye mwezi ujao angemwoa Nasro.

Nasro aliyekuwa wa Isaak.

Katika maabara yake pale Kitengela, Nasro alikuwa ametengeneza kigae cha oksaidi, chembamba kama ukucha wa mtoto. Elektroni huzunguka kama pia, kila moja kivyake. Lakini juu kabisa, kwenye uso wa kigae hicho, Nasro alizifanya zote zielekee upande mmoja. Mwenye kukipata angeunda kompyuta za kijeshi zinazokumbuka bila umeme. Ila ukikipumulia tu, unyevu unazivuruga, basi. Ndiyo maana kilikaa ndani ya kopo la chuma lisilo na hewa.

Enzi zile, Isaak akimwona Nasro anavyokiinamia kigae, alizionea wivu hata hizo elektroni.

Jana kopo liliibwa. Wakubwa walimshuku Nasro mwenyewe. Likivuka mpaka, ni jela.

Alilipita lori, akalikatia mbele. Glock mkononi.

"Shuka!"

Keynan alishuka polepole, shali begani. "Warya, Isaak! Bunduki ya nini? Si ungenipigia simu tu."

Chini ya kiti, kati ya kandambili mpya na sufuria ya mtu, kopo lilikuwepo.

Moyo wa Isaak uliruka kwa furaha mbaya.

"Hili la nani?"

"La Kiragu, yule dalali wa ploti. Amesema ni lenzi za miwani. Lori likirudi Namanga tupu nabeba mizigo ya watu, unajua. Sufuria ni ya mama mmoja wa Bissil. Mwenye kopo pia ananingoja hapo."

Redio ikakwaruza. "Isaak, uko na mtu?"

Alimtazama Keynan. Neno moja tu, na harusi ingeishia selo.

Lakini mchumba akishikwa na kopo, nani angeamini Nasro hakumpa?

"Niko na mzigo," alisema. "Mwenyewe bado; namfuata Bissil."

Walipakia Yamaha nyuma, akaketi kando ya Keynan. Shali ile ilinukia uunsi, ubani wa Kisomali. Isaak aliijua harufu hiyo na mkono unaoufukiza. Njia nzima aliacha dirisha wazi.

Bissil. Prado nyeupe. Kiragu amesimama na mgeni mwenye Ray-Ban.

Isaak alijikunja chini ya dashibodi. Keynan akampa mgeni kopo.

Mgeni akashika kifuniko.

Pumzi moja tu, na kazi ya Nasro imekwisha.

Isaak alipiga mlango teke, akaruka. Risasi ikatoboa tairi la Prado. "Usifungue!"

Mgeni akapeleka mkono kiunoni. Isaak akaukamata, akausokota. Kopo likaanguka.

Akalidaka kwa mkono wa kushoto.

Kiragu alitimua mbio, lakini fimbo ya ng'ombe ya Keynan ikamwingia miguuni, akalamba vumbi.

"Jane. Wawili wako na pingu. Kopo halijafunguliwa. Nasro ni msafi."

"Nimwambie ni wewe?"

"Mwambie ni idara."

Gari la polisi lilipofika, Keynan alimsaidia kuteremsha pikipiki. "Walaal, ndugu yangu, utakuja harusi?"

"Siku hiyo niko kazini."

"Lakini sijakuambia tarehe!"

Isaak alivaa helmeti, akawasha Yamaha, akashika njia ya Kitengela bila kugeuka.