Mwanamke Aliyebebwa Mtoni

Siku ya soko, Gakoromone hapapitiki. Mikokoteni inakanyaga vidole vya watu bila kuomba samahani, wenye nduma wanagombania kivuli na wenye maparachichi, na harufu ya ndizi mbivu inakufuata hadi unahisi umeshiba. Hapo ndipo Mukiri alipomwona Kanana. Alikuwa amesimama juu ya rundo la viatu vya mitumba kama mtu aliyeshinda uchaguzi, dera lake la kijani amelikunja na kulifunga kiunoni, mkononi ameshika buti moja ya ngozi.

"Kamera! Kamera hizi!" aliita, maana yake robota ndiyo kwanza limefunguliwa, hakuna aliyechagua mbele yako. "Nunueni viatu jamani, miguu mlipewa miwili tu!"

Mukiri alikuwa anatafuta buti. Kila Jumamosi aliwaongoza walimu, wauguzi na makarani wa mjini Meru kutembea kwa miguu misituni na mashambani, akiwaonyesha miti na kuwasimulia yaliyotokea zamani mahali walipokanyaga.

"Hii ni nzuri kwa kazi yangu ya kuonyesha watu njia," akasema. "Ya pili iko wapi?"

"Iko humo humo. Tafuta."

"Nitafute mimi? Kwani muuzaji ni nani?"

"Si umesema kazi yako ni kuonyesha watu njia? Na buti kwa rundo imekushinda kuona?"

Wachuuzi wa jirani waliangua kicheko. Mukiri alikunja mikono ya shati akapiga magoti, akachambua viatu mpaka jua likahamia upande wa pili, na kusema kweli buti ya pili aliiona mapema, akaifunika tena. Alipoondoka alikuwa na buti zote mbili na namba ya simu ya Kanana.

Yaliyofuata mnayajua. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula githeri, mahindi na maharagwe."

"Bila mimi?"

"Ungekuwa na njaa ungekuja. Wewe unashiba hewa ya msitu."

Mahindi ya mwaka huo yalipofika kuvunwa, mambo yalikuwa yameiva pia. Wazee wa Mukiri walijiandaa kwenda Githongo, kwa kina Kanana, kupiga hodi na kusema wameona binti. Baba yake Kanana alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la mama. Mukiri hakuwahi kumwona huyo mama, ila kwa picha moja ya kanisani, kitambaa amekifunga hadi kwenye nyusi.

"Mama yangu ni mtu wa desturi," Kanana alimwonya kwa simu. "Mkwe hamzoei mama mkwe. Mkikutana njiani unampisha, hata kama ni kuingia kwa kichaka, na unaangalia kando. Kumgusa ndio usiseme kabisa."

"Hata kumsalimia kwa mkono?"

"Mukiri!"

"Basi nitamsalimia kwa simu, bebi. Hiyo haina mikono."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka na kila kitu, na hilo ndilo lililomponza.

Jumamosi moja kabla ya siku ya kupiga hodi, alipata wageni wapya: chama cha akina mama wa kanisa fulani, waliotaka kutembea msitu ulio juu ya mashamba ya kahawa. Walikuja na vikapu, thermosi za chai, na kelele. Mwenyekiti wao, Purity, alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Kati yao kulikuwa na mama mmoja mnene, mpole, mwenye kofia pana ya jua na trakisuti ya rangi ya waridi iliyombana. Wenzake walimwita Mama Kiogora.

"Mama, umependeza," Mukiri alimtania. "Mtu wangu ana trakisuti kama hii hii."

"Nimeazima kwa msichana wangu," akajibu yule mama, akitabasamu.

Walipita mashamba ya kahawa, wakaingia chini ya miti mikubwa iitwayo miuru, ambayo mizizi yake mtu anaweza kukalia. Wakafika kwenye handaki la zamani, sasa limejaa majani na matope. Hapo Mukiri hakutania. Aliwaeleza kwamba wakati wa hali ya hatari, enzi za ukoloni, wanavijiji walilazimishwa kulichimba, wengi wao wanawake, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasiletewe chakula. Wengine walichimba na watoto mgongoni. Mama Kiogora alivua kofia, akasimama ukingoni kwa muda.

Shida ilikuwa mtoni. Mto wenyewe ni mdogo, unaupita kwa hatua chache, lakini mvua ilikuwa imenyesha na mawe ya kuvukia yamefunikwa. Akina mama wakaanza kupiga yowe na kukunja sketi, na Mukiri, akiona amepata hadhira, akaingia majini akawaambia kwamba zamani kijana akimkuta mama mkwe kwenye kivuko kama hiki angejitupa vichakani.

"Na wewe ungejitupa?" Purity akauliza.

"Mimi? Mimi nina mkwe huko Githongo. Sijamwona, nasikia ni mkali kama pilipili. Lakini binti yake nimemshika hapa." Akainua ngumi, akaikaza mbele yao. "Hata nikienda mikono mitupu nitapewa."

"Na mama akikataa?"

"Akikataa tutampelekea mjukuu kwanza. Tuone kama atakataa tena!"

Wachache walicheka, kicheko cha puani. Wengine waliangalia maji. Mukiri alihisi utani umemwangukia vibaya, akatafuta mwingine wa kuufunika, lakini Mama Kiogora alikuwa ameshafika ukingoni.

"Kijana mwenye nguvu hivyo," akasema, "nivushe basi."

Mukiri akainama. Yule mama akapanda mgongoni, akajiachia mzima mzima, mikono shingoni pake. Mukiri alitembea akiyumba, maji yakiingia kwenye buti, na akina mama wakapiga makofi na picha. Katikati ya mto sauti ikamwuliza sikioni, polepole:

"Nimekulemea?"

"Hapana, mama! Ningekubeba hadi Nkubu."

Jioni aliweka picha moja waliyomtumia kwenye WhatsApp kila mtu aione. Chai yake haijapoa, simu ikalia.

"Mukiri, huyo mgongoni mwako ni nani?"

"Ni mteja, bebi. Mama mmoja hivi, mzito kama gunia la mbolea lakini ana raha kweli. Anaitwa Mama Kiogora."

Mukiri akasubiri Kanana acheke.

"Haloo? Bebi?"

"Kiogora ni Gedion," Kanana akasema. "Kaka yangu mkubwa. Sisi humwita Gedion, lakini jina lake la nyumbani ni Kiogora. Hiyo trakisuti ni yangu. Mukiri, umembeba mama yangu."

Halafu, Mungu ambariki, akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa. "Yaani wa kumpisha kichakani, wewe umempakia! Haya, tutaulizia faini ni nini, wazee watacheka, itaisha. Mukiri? Unanisikia?"

Mukiri alisikia, ila hakuwa anafikiria kubeba. Alikuwa anaiona ngumi yake hewani, na maneno yale yakirudi moja moja. Mikono mitupu. Mjukuu kwanza. Alimwambia mama mtu hayo, usoni, naye akamsikiliza huku amevaa nguo ya binti yake. Masikio yalimwaka hadi akayashika.

Akakata simu. Akaifuta picha, lakini ilikuwa imeshafika hadi Runyenjes na inarudi. Kila kicheko njiani alidhani ni chake. Akawaambia wazee wake safari ya Githongo isubiri. Simu akaizima, na siku alipoiwasha kidogo alikuta ujumbe mmoja tu wa Kanana: *Kama umebadilisha nia sema, usijifiche nyuma ya mama yangu.*

Kanana hakuwa mtu wa kusubiri jibu. Alikuja mwenyewe Makutano, kwenye chumba cha Mukiri juu ya duka la dawa za mifugo, amevaa sketi nyeusi ya kwenda kanisani na uso usio na hata chembe ya poda.

"Nimekuja kuchukua jibu. Ni mwanamke mwingine?"

"La, Kanana. Wallahi… naapa, hakuna."

"Basi ni kubebwa? Mama mwenyewe hajalalamika! Nikimwuliza ananiambia, ulikuwa mto, nilivushwa. Unaniaibisha sokoni, watu wananiuliza bwana ako wapi, nasema yuko msituni. Msitu gani hauishi?"

Mukiri akaketi kitandani. Kumbe mama hakumwambia. Angeweza kunyamaza. Angesema ni aibu ya kubeba tu, wangecheka, wangeoana, na jambo lingebaki kati yake, mama, na wanawake wale wa vikapu. Alimwangalia Kanana, aliyekuwa amesimama pale akilia bila kujifuta, kwa kosa asilolijua.

"Kuna kitu nilisema," akaanza.

Alimwambia yote. Hakupunguza. Hata ngumi alimwonyesha, kwa sababu bila ngumi maneno yalionekana madogo. Alipomaliza hakuweza kuinua macho juu ya viatu vya Kanana.

"Ndivyo unavyonisema nikiwa sipo?"

"Nilitaka wacheke."

"Mimi ndiye niko hapo ndani?" Aligusa ile ngumi kwa kidole, kama mtu anavyogusa kitu kujua kama kimeoza. "Mimi sina jibu lako. Hayo ulimwambia mama. Nenda ukajibiwe na mama."

Kesho yake Mukiri alikwenda Githongo. Alipokuwa anashuka njia ya nyumbani kwa kina Kanana, kati ya miti na kahawa, akamwona mama anapanda peke yake, amebeba majani ya ng'ombe, kitambaa hadi kwenye nyusi. Hakufikiria. Aliruka kichakani, akageuza mgongo, akakabili shina la mti. Miiba ilimchoma mapaja.

Hatua zikasimama.

"Sasa umejua kupisha," mama akasema.

"Nimejua, mama."

"Usigeuke. Mimi nilikujua tangu mwanzo. Nilikuja makusudi. Siku ya kuleta posa kila mwanaume anakuja na suti na maneno ya kuazima. Nilitaka nikuone ukiwa na yako."

Mchwa alikuwa anapanda kwenye shina mbele ya pua yake.

"Pale handakini ulisema vizuri. Mama yangu alichimba lile, kaka yangu akiwa mgongoni. Nikajiambia, huyu amelelewa. Halafu tukafika mtoni."

"Nitaleta mbuzi, mama. Nitaleta wazee."

"Mbuzi atasema nini? Wale wenzangu walisikia mdomo wako, hawakusikia mbuzi."

"Na kwa nini hukumwambia Kanana?"

"Kwa sababu maneno hayakuwa yangu." Majani yalichakacha alipojitwika vizuri. "Tuite sote pale pale mtoni. Useme tena."

Walikuja wote, hata na wengine ambao siku ile hawakuwepo, maana jambo kama hilo nani angekubali kusimuliwa? Walipanga thermosi kwenye nyasi kama wako harusini. Mama Kiogora alikaa nyuma yao. Kanana alisimama kando, dera lake la kijani limefungwa kiunoni, mikono kifuani.

Mukiri aliingia majini na zile buti za Gakoromone.

"Nilisema hapa," akaanza, "kwamba Kanana…"

"Sauti!" Purity akaita. "Sisi wa huku nyuma hatusikii!"

Ikabidi aanze upya, kwa nguvu, kila neno likipiga miti na kumrudia.

"Nilisema Kanana nimemshika mkononi! Sikumshika! Yeye ndiye alinichagua, na mimi nikamwuza hapa ili mcheke! Nilisema nitampelekea mama yake mjukuu kabla ya heshima! Mlipokosa kucheka nilijua nimekosea, na bado nikatafuta utani mwingine! Naona aibu! Sikuja kuomba mke leo. Nimekuja kurudisha maneno."

Hakuna aliyepiga makofi. Mto uliendelea na shughuli zake. Kisha Mama Kiogora akainuka, na Mukiri akatoka majini mbio upande wa ng'ambo, akaenda kugeukia muuru mkubwa. Alisikia mama akivua viatu, akiingia majini, akishusha pumzi kwa baridi, akivuka kwa miguu yake mwenyewe na kupita nyuma yake.

"Mukiri," sauti ikasema kutoka mbali kidogo. "Wa kubebwa ni yule amebaki kule."

Vigelegele vilipasuka hadi ndege wakaruka. Mukiri aligeukia mto. Kanana alikuwa ameshaingia mtoni, maji yanapiga magoti, dera limeloa, anakuja upande wake amekunja uso.

"Mimi sibebwi na mtu," akasema.

Alisimama mbele yake. Akaushika mkono wa Mukiri wa kulia, ambao alikuwa ameukaza bila kujua, akaufungua kidole baada ya kidole mpaka kiganja kikabaki wazi, kimelowa. Kisha akaweka mkono wake ndani.

"Haya," akasema. "Sasa shika."