Maboksi Matatu ya Kilatini

"Hiki ni nini?" Mwalimu aliuliza.

Dokta hakujibu upesi, maana mdomo ulikuwa na kazi. Alikuwa anakula yai la kuchemsha pale pale kwenye meza ya ofisi, saa nne asubuhi, na kipande cha kiini kilikuwa kimemgandia kwenye ndevu. Katikati yao kulikuwa na kitabu kipya kinachonukia wino. Jaladani kimeandikwa: Maneno ya Kilatini kwa Msomaji wa Tenzi za Mashujaa. Chini yake jina la Dokta, peke yake, kwa herufi za dhahabu.

"Nilitaka iwe zawadi ya kukushtukiza," Dokta alisema. "Nani amekupa?"

"Nimekikuta hapo kwa karani wako, viko mia mbili. Nimefungua ukurasa wa kwanza nikakutana na baba yangu."

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikai. Hizi si kadi zangu?"

Jamani, hizo kadi tuzielewe vizuri kabla hatujaendelea. Baba yake Mwalimu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Miaka thelathini alipanga vitabu vya Kilatini, herufi moja moja za madini ya risasi, bila kujua vinasema nini. Alipostaafu macho yakazima. Siku moja akamwambia binti yake, ambaye alikuwa anafundisha Kilatini sekondari, "Mwanangu, nisife bila kujua nilichokuwa nachapa. Nisomee ule utenzi mrefu wa vita. Lakini usinitafsirie. Nataka niuelewe wenyewe ulivyo."

Ndipo Mwalimu akaanza kazi. Alisoma utenzi mstari kwa mstari akihesabu kila neno limetokea mara ngapi. Yaliyotokea sana akayatanguliza, yaliyotokea mara moja moja akayaacha. Yakabaki maneno mia tisa. Mtu akiyajua hayo, hata kipofu, anaweza kukaa akasikiliza utenzi na kuufuata. Kila neno likapata kadi yake na namba yake. Lakini mzee alikataa kukariri maana tupu. Alisema maana tupu haimkai kichwani, apewe tukio. Basi chini ya kila neno Mwalimu akaandika tukio la nyumbani kwao. Miaka sita. Maboksi matatu ya viatu, yamejaa mpaka yanapasuka.

"Uliniambia unazipeleka zipigwe picha," Mwalimu alisema. "Zisije zikaliwa na mchwa."

"Na mchwa hawajazila. Zimekuwa kitabu. Hufurahi?"

"Jina langu liko wapi?"

"Soma shukrani."

Alifungua. Ilikuwa sentensi moja: Namshukuru mchumba wangu kwa uvumilivu na chai.

Mwalimu aliisoma mara mbili.

"Kwa chai," alisema.

"Chai yako ni nzuri, nimesema uongo?" Dokta alicheka, yai likaonekana. "Sikiliza, mama. Tuongee kama watu wazima. Kitabu chenye jina la mwalimu wa sekondari nani atakigusa? Kikiwa na jina langu kinaingia vyuoni. Ijumaa kinazinduliwa, mwezi ujao napandishwa cheo. Na sisi tunaoana wiki tatu zijazo. Changu si ndiyo chako?"

"Na changu?"

"Chako changu pia. Ndiyo ndoa."

Alisema hayo kwa macho makavu kabisa. Halafu akanyanyua kikombe anywe, na chini ya kikombe Mwalimu akaona kadi. Aliivuta. Ilikuwa namba sitini na moja, Ignis, moto, ile ya siku baba alipounguza ndevu akiwasha jiko. Tangu arudishiwe maboksi yake alikuwa ameitafuta wiki mbili nyumba nzima. Sasa ilikuwa na duara la chai na alama za vidole vyenye mafuta.

"Ah, hiyo," Dokta alisema. "Ilibaki. Meza yenyewe inaingia madoa."

Akachukua leso, akajifuta mdomo, akainama ambusu. Mwalimu aligeuza shavu, lakini ndevu zilimfikia. Alitoka akaingia chooni mwa idara, akanawa shavu lile kwa sabuni mara tatu.

Mngedhani aliivua pete siku hiyo hiyo. Hakuivua. Kusema kweli, alikuwa anampenda yule mtu, na miaka minne haifutiki kama ubao. Kadi za mwaliko zilishasambazwa, gauni lilishashonwa. Na kubwa kuliko yote, baba yake alikuwa anampenda Dokta kama mwanawe. Alikuwa anamwita "mwanangu" na kumwekea kiti chake.

Nyumbani mzee alikuwa anamsubiri kibarazani.

"Mwanangu hajambo huko?"

"Hajambo, baba."

"Mbona sauti imekauka?"

"Uchovu tu."

"Amenitumia mtu na mwaliko. Ijumaa anazindua kitabu. Kinahusu nini?"

"Kilatini, baba."

"Basi tutakwenda wote. Nivalishe lile koti langu."

Mwalimu angeanzaje? Kwamba yule anayemwekea kiti amebeba nyumba yao yote kwenye mfuko wa plastiki akaenda kuiandika jina lake?

Jioni ukaingia ujumbe wa Dokta kwenye simu.

"Mama watoto wangu watarajiwa, umenuna? Ijumaa vaa lile gauni la bluu. Ukae mbele, upige makofi. Mambo ya ndani tutayamaliza ndani."

Akaandika, akafuta. Akaandika tena: "Sawa." Akautuma. Na hapo alijionea kinyaa mwenyewe, kushinda hata alivyomwonea Dokta.

Pengine mambo yangeishia hapo, kwa hiyo "sawa", kama si simu ya Alhamisi mchana. Alikuwa karani wa idara, dada mmoja mpole anayezungumza kama anaomba radhi.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani kukusumbua kazini."

"Marahaba. Hunisumbui."

"Jana nilikuona ulivyotoka. Sikulala vizuri. Mimi ndiye niliyezipiga zile kadi kwenye kompyuta, zote mia tisa. Mwandiko ni wako, sivyo?"

"Ni wangu."

"Nilijua ni wa mwanamke. Mwalimu, nilicheka na kadi zile, nikalia nazo. Nilipofika mia mbili kumi na nne nikashindwa kuendelea. Nikaenda kwa Dokta, nikamwambia, 'Dokta, hii ya kovu naona ni siri ya mtu, tuiache au tuiondoe?'"

Mwalimu alisimama. Kadi hiyo ilikuwa ya siri kweli. Baba yake alipewa tukio jingine kwa neno lile. Hilo lililoandikwa hakuwahi kulisoma kwa sauti mbele ya mtu yeyote.

"Akasemaje?"

"Naona haya kusema, Mwalimu."

"Sema tu, mdogo wangu."

"Alisema, 'Piga zote kama zilivyo. Mimi sina muda wa kusoma makadi.'"

"Hakuisoma?"

"Hakusoma hata moja, Mwalimu. Ameambiwa na Profesa wetu hapa idarani kwamba ile kadi ya gauni ni nzuri, ndiyo hiyo anayoifanyia mazoezi aisome kesho."

Mwalimu alishukuru, akakata simu. Tangu jana yake alikuwa anafikiri ameibiwa na mtu aliyeona thamani ya kitu chake. Mwizi wa namna hiyo angalau amekitamani. Huyu hakutamani chochote. Alibeba maboksi kama mtu anavyobeba taka, tofauti ni kwamba yeye aliyapeleka penye herufi za dhahabu. Hapo ndipo alipochefukwa kwelikweli, mpaka akakimbilia dirishani kutafuta hewa.

Ijumaa saa nane mchana ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa. Mwalimu alivaa gauni la kijivu, si la bluu, akakaa mstari wa mbele na baba yake. Dokta alikuwa jukwaani amenyoa ndevu, amejipulizia manukato yanayotangulia mtu nusu dakika. Pembeni yake alikaa Profesa, mkuu wa idara, mama wa makamo mwenye miwani mizito na maneno machache.

Dokta akafungua kitabu.

"Mabibi na mabwana, kazi hii imekula ujana wangu," alianza, na Mwalimu akauma ulimi. "Niwasomee neno moja. Umbra. Kivuli, au roho ya marehemu. Na huu ndio mfano nilioutunga: Mama alipofariki, gauni lake lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango miezi mitatu. Kila jioni taa ikiwashwa sebuleni, lilisimama mle chumbani kama mtu anayengoja kuitwa."

Ukumbi ukaguna kwa kuguswa. Dokta akainamisha kichwa kama mfiwa.

Mzee alimshika binti yake mkono.

"Hilo gauni la mama yako," alinong'ona.

"Ndiyo, baba."

"Hilo neno la mia na tisa. Uliniandikia mimi."

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumatano. Nilishindwa kukwambia, najua unampenda."

Mzee alitoa mkono wake kwenye wa binti, akauweka kwenye fimbo. Halafu akasema taratibu, "Mimi nilipanga herufi za watu miaka thelathini na sikuwahi kuliondoa jina la mtu. Fanya unachotaka kufanya. Mimi niko hapa."

Jukwaani Profesa alikuwa anauliza kama kuna swali. Mwalimu akanyoosha mkono. Dokta alipomwona akatabasamu, akidhani makofi yamekuja.

"Sina swali," Mwalimu alisema. "Nina ombi. Mwandishi atusomee neno la mia mbili na kumi na nne. Ndilo ninalolipenda kuliko yote."

"Kwa furaha, mchumba wangu," Dokta alisema, watu wakacheka kidogo. Akapekua kurasa, akakohoa kusafisha koo. "Mia mbili na kumi na nne. Coniunx. Mwenzi wa ndoa, mke au mume. Mfano: Yule mwenye kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, alilolipata siku anafungua kopo la maziwa kwa kisu ili mimi ninywe chai."

Sauti ilipungua kidogo. Kidole gumba cha kushoto, chenye kovu, kilikuwa kimeshika kitabu mbele ya watu wote. Mstari wa mbele walikiona.

"Endelea," Profesa alisema.

"Damu ilikuwa inamtoka na bado alikuwa anacheka, nisije nikaogopa. Ndiye nitakayezeeka naye, hata akinuna, hata akikoroma. Nikiwa shuleni nikasikia hatua zinazofanana na zake, natazama mlangoni. Sijamwambia bado. Nitamwambia..."

Akashusha kitabu.

"Imebaki sentensi," Mwalimu alisema.

"Nitamwambia siku ya harusi."

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma kabisa mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Profesa alivua miwani.

"Dokta, tuonyeshe mkono wako wa kushoto."

Hakuonyesha. Aliuingiza mfukoni.

"Nani ameandika kitabu hiki?"

"Profesa, mchumba wangu alinisaidia hapa na pale. Kazi ya pamoja, unajua mambo ya nyumbani..."

Mzee akasimama kwa fimbo yake.

"Mama, samahani, mimi sioni, sijui umekaa upande gani. Kadi hizo binti yangu aliniandikia mimi. Taja namba yoyote, nitakwambia neno lake na tukio lake."

"Arobaini," Profesa alisema.

"Manus, mkono. Siku mkono wangu ulipobanwa na mashine ya kuchapia na mke wangu akanilisha kwa kijiko wiki mbili."

Profesa akafungua, akasoma. Akataja mia tatu na tano, akataja mia nane na mbili. Mzee akajibu zote bila kusita. Profesa alikifunga kitabu, akakisukuma mbali naye kwa ncha ya kidole.

"Uzinduzi umekwisha," alisema. "Vitabu hivi haviondoki hapa. Dokta, Jumatatu saa mbili uwe ofisini kwangu. Mwalimu, na wewe njoo, saa tatu, na maboksi yako. Kitabu kitachapwa upya, kwa jina la mwandishi halali."

Watu walianza kutoka, wengine wakipita mbali na jukwaa kama pamemwagika kitu. Dokta alishuka, akamfuata Mwalimu penye mlango. Alikuwa anatoka jasho na yale manukato yalikuwa yamechacha. Ajabu ni kwamba alikuwa analia, na si machozi ya kuigiza.

"Kumbe ulinipenda hivyo?"

"Ungesoma ungejua."

"Sikujua, wallahi. Ungeniambia..."

"Nilikuandikia. Ulinywea chai juu yake."

"Nisamehe. Tuanze upya. Nitazisoma zote, leo hii, nitakaa nawe..."

Akamshika mkono. Mwalimu aliutazama ule mkono, kovu na kila kitu. Miaka minne alikuwa akiubusu. Sasa aliuona una jasho na unanata, akautoa kwenye wake kama mtu anayejibandua gundi.

"Sina hasira nawe," alisema. "Ningekuwa na hasira pengine tungesuluhishwa. Nakuonea kinyaa. Usinifuate."

Akavua pete, akamwekea juu ya rundo la vitabu lililopangwa pale mlangoni, akamshika baba yake kiwiko.

Walitembea mpaka nje ya geti. Jua lilikuwa kali. Mzee ndiye aliyeanza kusema.

"Umeumia, mwanangu?"

"Nitaumia baadaye. Sasa hivi nataka kutapika."

"Kuna mti hapa karibu?"

"Upo."

"Nenda. Nitakushikia mkoba."

Akampa mkoba, akaenda. Mzee alisimama pembeni ya barabara na mkoba wa mwanamke mkononi, amegeuza uso upande wa pili kwa heshima ingawa haoni, akimngoja mwanawe amalize.