Ngazi ya Mwalimu

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa majokofu. Siku zile, Jumamosi ikifika saa sita mchana, alikuwa anafunga karakana, ananawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viganja vinakwaruza, anavaa shati safi na kubeba gitaa mgongoni. Alikokuwa anaelekea ni chumba cha nyuma cha kiwanda kidogo cha kuchapa kadi. Akishaingia humo, hata simu ya mkewe hapokei. Haya ninayosimulia alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miezi mingi. La mwisho tu ndilo nililoliona kwa macho yangu.

Walikuwa wanne. Mchapaji, mwenye chumba. Muuguzi, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mwalimu wa hesabu, karibu kustaafu. Na mjomba. Wote gitaa, wote wagonjwa wa muziki wa jazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda jukwaani. Walikaa duara katikati ya maboksi ya karatasi, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanamshikia mdundo, halafu solo inazunguka kwa zamu. Hapo ndipo roho zilipokuwa juu. Kila mmoja alimpigia mwenzake makofi huku moyoni anapanga namna ya kumfunika.

Na wa kufunikwa alikuwa Mwalimu. Alikuwa na kipande chake kimoja ambacho wenzake walikiita Ngazi. Sauti zilikuwa zinashuka moja moja, kama mtu anayeteremka ngazi bila taa, halafu moja inarukwa. Unadhani unaanguka. Kisha mguu unagusa sakafu. Kila mara. Hata waliokisikia mara mia walishtuka.

"Mwalimu, ipo siku nitakunyang'anya hiyo," mjomba alimwambia.

Mwalimu akachekea puani, kama kawaida yake. "Chukua, fundi. Nani kakukataza?"

Mjomba akaweka simu juu ya boksi, akarekodi. Wiki tatu alikuwa anaisikiliza Ngazi karakanani, kati ya jokofu moja na jingine, akijaribu, akikosea, akijitukana. Siku moja jioni vidole vikaenda vyenyewe. Alisema alihisi kitu kimeingia mkononi, kama spana inavyoingia kwenye nati yake. Kikakaa.

Jumamosi iliyofuata akaipiga. Muuguzi akaruka kutoka kwenye kiti. "Leo fundi katumaliza!" Mwalimu mwenyewe alisimama, akamkumbatia, akampiga mgongoni kwa furaha ya kweli. Halafu zamu ikawa yake. Akaanza vizuri. Akafika pale Ngazi inapoanzia.

Mkono ukasimama.

"Imenitoka," akasema.

"Huo uzee," Mchapaji akamtania, wakacheka. Mjomba naye alicheka. Lakini alimwona Mwalimu anavyoutazama ule mkono wa kushoto, kama mtu anavyotazama mfuko uliokuwa na kitu sasa hivi.

Wiki ya pili mjomba akajifunza kipande kingine cha Mwalimu. Hiki kilimchukua siku mbili. Jumamosi, Mwalimu hakuwa nacho. Wiki ya tatu vipande viwili, jioni moja. Muuguzi akaingiwa na wasiwasi kwamba ni kiharusi. Akamwambia Mwalimu atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, ambane vidole kwa nguvu. Kisha akampeleka kwa daktari. Daktari akapima kila kitu. Mzima kabisa.

"Mpwa wangu," mjomba aliniambia, "mimi nilijua wiki ya pili. Lakini miaka kumi na moja nilikaa kwenye duara lile, na hakuna aliyewahi kunyamaza nikipiga. Sasa walikuwa wananyamaza." Akafuta uso. "Nikaendelea mpaka ya saba."

Jumamosi ya nane Mwalimu hakuja.

Kesho yake alasiri mjomba akaenda kumjulia hali. Alipanda ngazi mbili za barazani, akakohoa kidogo mlangoni, kama mtu anavyofanya kabla ya kubisha.

"Mlango uko wazi, mume wangu," sauti ya mke wa Mwalimu ikatoka jikoni. "Umetoka saa ngapi? Nilidhani uko sebuleni."

Mlango ulikuwa wazi kweli. Na Mwalimu alikuwa sebuleni, ameketi kitini.

Mkewe akatokea na mikono yenye povu. Akamtazama mjomba. Akamtazama mumewe. Akamtazama tena mjomba.

"Nimesikia kikohozi chake," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni mimi, shemeji."

Akarudi nyuma hatua moja. Hakukaribisha. Akaingia jikoni.

Gitaa lilikuwa limelala juu ya magoti ya Mwalimu kama sinia. Mjomba akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono wa kushoto. Miaka thelathini ya nyuzi humfanya mtu awe na sugu kwenye ncha za vidole. Vidole vya Mwalimu vilikuwa laini. Laini kama vya mtoto mchanga.

Mwalimu akainama karibu na sikio lake. "Fundi. Binti yangu anaitwa nani?"

"Unasemaje?"

"Hupiga simu kila jioni. Naona aibu kupokea. Anaitwa nani?"

Binti yule alikuwa anafanya kazi mbali. Mjomba hakuwahi kumwona, wala kumsikia akitajwa zaidi ya "binti yangu". Alitaka kusema hajui. Mdomo ukafunguka wenyewe. Ukataja jina. Kisha ukataja na lile jingine, la kudekeza, linalotumika ndani ya nyumba ile peke yake.

Jikoni sahani ikapasuka.

Hapo ndipo alipomwambia Mwalimu kila kitu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye zulia.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki ya pili."

Kisha Mwalimu akasema polepole, "Ile ya wiki ya tano. Uliipiga vizuri kuliko mimi. Hiyo ndiyo iliyoniuma."

Wakaamua kurudisha. Kama kujifunza ndiko kulikochukua, basi Mwalimu ajifunze upya kutoka kwa mjomba. Mchapaji alifunga kiwanda mapema kila siku, Muuguzi akabadilishana zamu hospitalini, na wote watatu wakawa wanakwenda sebuleni kwa Mwalimu. Mjomba anapiga. Mchapaji anavishika vidole vya Mwalimu na kuvipanga juu ya nyuzi, kimoja kimoja. Muuguzi anahesabu mapigo. Hakuna aliyetaka kumfunika mwenzake tena. Wiki tatu. Vidole vilikuwa vinateleza na kuanguka. Havikushika kitu.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, mjomba alikuwa kwenye bucha anatengeneza friza. Ghafla akasimama. Akaanza kutaja jedwali la kuzidisha la saba. Kwa sauti ya juu, akiacha nafasi baada ya kila jibu, kama anayengoja darasa lirudie. Mwenye bucha aliacha kukata nyama. Mjomba alijaribu kufunga mdomo. Ulikataa. Ulifika sabini, ukanyamaza.

Ilikuwa saa saba kasoro kumi. Saa hiyo hiyo ndipo Mwalimu alipofariki kitini, gitaa magotini. Daktari aliandika kwamba ni moyo.

Msibani binti alikuja kuwashukuru marafiki wa baba yake. Alipompa mjomba mkono, lile jina la ndani likamtoka kabla hajalizuia. Binti akaangua kilio, akamng'ang'ania shingoni. "Baba alikuwa anakusimulia habari zangu?"

"Kila siku," mjomba akajibu.

Tangu hapo hajagusa gitaa. Muuguzi na Mchapaji bado wanakutana, na kila Jumamosi wanampigia simu wamwombe aje tu kukaa. Haendi.

Sasa hili la kwangu. Mwezi uliopita nilimsindikiza kubadilisha kitambulisho. Msichana wa dirishani akamwambia aweke mkono wa kulia kwenye kioo cha mashine ya alama za vidole. Ukapita. Akaweka wa kushoto.

Msichana akakunja uso. Akafuta kioo. "Tena, mzee."

Akaweka tena.

"Tena."

Alitazama skrini muda mrefu. Kisha akainama dirishani, akanong'ona, "Mzee, umewahi kufanyiwa upasuaji mkononi?"

"Hapana, mwanangu."

Alichapa karatasi, akaisukuma upande wangu, akasema tuipeleke makao makuu, wao ndio watajua la kufanya. Mjomba hakuitazama. Alikuwa ameshauingiza mkono mfukoni.

Hatujaipeleka. Iko kwenye droo yangu. Mkono wa kulia: vidole vitano, jina la mjomba. Mkono wa kushoto: vidole vitano, jina la Mwalimu, picha yake ndogo ya shati jeupe, na neno moja chini yake. Marehemu.