Wajina wa Nyuma ya Ukuta

Nguo zote zilikuwa zimekauka isipokuwa gauni la kazi la Nafula. Jua la Oktoba pale Al Thumama, mtaa wa Doha, halina mchezo, shuka hukauka kabla hujamaliza kuanika inayofuata, lakini gauni lile lilikuwa limelowa shingoni na kwapani, na lilikuwa na joto la mwili. Nafula alilinusa. Lilinuka matope ya mtoni. Akalirudisha kwenye mashine ya kufulia akijiambia ni sabuni mbaya, maana siku hizo hakuwa na nafasi kichwani ya kuhangaikia nguo.

Kichwa kilijaa safari. Mwaka huo wa 2010 madam alitaka Idi wakaile Luxor, ule mji wa kale wa Misri ulio kando ya mto Naili. Siku tatu tu, lakini za kifalme: vyumba vinavyotazama mto, gari la farasi, mashua yenye mpishi wake. Na kwa kuwa Nafula alisomea utalii Eldoret kabla dunia haijamleta kufua nguo za watu, alikabidhiwa kompyuta akaambiwa apange kila kitu. Wasafiri watano: bosi, madam, watoto wawili, na yeye wa kuwaangalia watoto. Siku tatu zikiisha wenyewe wangerudi Doha, naye angeendelea hadi Nairobi kwa likizo ya mwezi mmoja, likizo aliyoahidiwa tangu mwaka wa pili, na sasa ulikuwa wa nne. Pasipoti yake ilikaa kwenye sefu ya bosi. Na bila bosi kutia sahihi khuruji, ile karatasi ya ruhusa ya kutoka nchini, mfanyakazi haendi popote, awe na tiketi asiwe nayo.

Kule Kimilili alikuwa na binti, Chelsea, aliyemwacha hajatimiza mwaka. Mtoto alilelewa na bibi yake, na kwenye simu alimwita Nafula kwa jina, kama alivyomsikia bibi akimwita. Nafula alicheka kila mara, na kila mara ilimkata maini. Alitaka kitu kimoja: aitwe mama, uso kwa uso, walau mara moja.

Sasa, kulikuwa na jirani. Ilikuwa saa nane mchana, nyumba nzima imelala na mapazia yamefungwa, Nafula yuko uani na kapu la nguo, sauti ya mwanamke ikamsalimu kwa Kiswahili kutoka ng'ambo ya ukuta. Mtu aliyekaa miezi na kiu ya lugha yake haulizi mengi. Aliitikia kwa furaha, akamwuliza mwenzake ni nani.

"Mimi ni Nafula," ikasema sauti.

"Wacha! Hata mimi ni Nafula. Basi wewe ni wajina wangu, sisi ni kitu kimoja."

"Umesema wewe," sauti ikajibu.

Nani hajawahi kusema hivyo? Ukikutana na mwenye jina lako unamshika mkono, unamtania, mnakuwa ndugu papo hapo. Tangu siku hiyo waliongea kila mchana, na Nafula alimwaga yote: hoteli, ndege, njia ya kupanda hadi kwa mama yake, wimbo aliokuwa akimbembelezea Chelsea. Wajina alisema huo mji wa mtoni anaujua, alikaa huko miaka mingi kabla hajaletwa Doha ndani ya mizigo ya watu, na hajapata wa kumtilia sahihi arudi. Nafula alicheka. Alidhani ni maneno ya uchungu tu, yale wanayosema mayaya wote.

Kisha hoteli ikajibu kwamba inawasubiri wageni sita, na wawili kati yao ni Nafula. Alifuta jina la pili, likarudi. Alifuta tena. Madam alimgombeza, akasema si dakika tano zilizopita alikuja sebuleni akamhakikishia kwamba hesabu iko sawa? Nafula alikuwa jikoni tangu asubuhi, hajatia mguu sebuleni. Na jioni hiyo Lolwa, kitinda mimba wa nyumba, alimpapasa mkono akashangaa kwa nini saa hizi amekauka.

Ijumaa, baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer, alimsimulia Jerusha, muuguzi mtu wa kwao, mwanamke asiyebabaishwa na vivuli. Jerusha alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulishawahi kumwona?"

"Tunaongea tu juu ya ukuta."

"Na ulimwita nani?"

"Wajina."

Jerusha aliweka kikombe chini. "Nenda ukamvue hilo jina," akasema polepole, "kabla bosi wako hajashika kalamu."

Kesho yake saa nane Nafula aligeuza ndoo, akaipanda, akachungulia ng'ambo kwa mara ya kwanza, na hakukuwa na nyumba, hakukuwa na ua, hakukuwa na kamba ya nguo wala mlango wa kutokea mtu, ila kiwanja kitupu cha mchanga mweupe hadi barabarani, na chini kabisa, ukutani, mstari wa nyayo mbichi zilizolowa maji, zikienda na kurudi, zikienda na kurudi, bila alama yoyote ya mahali zilipotokea. Alishuka, akauegemeza mdomo ukutani.

"Wewe si wajina wangu," akanong'ona. "Nakuvua jina langu."

"Sawa," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Basi mmoja wetu hana jina. Tungoje tuone bosi atamtilia nani sahihi."

Bosi alitia sahihi Jumatatu. Asubuhi ya safari Nafula aliteremka ngazi na begi lake, akasikia honi, akakimbia akiita madam, akaita bosi, akamwita Lolwa ambaye ndiye pekee aliyegeuka na kumpungia mkono, na mle garini, kiti cha nyuma kati ya watoto wawili, aliketi yeye mwenyewe ndani ya gauni lake jipya, pasipoti yake mapajani, nywele zikidondosha maji begani, akitazama mbele kama mtu aliyefungwa siku nyingi na sasa anafunguliwa, na geti lilipofunguka Nafula alitaka kutoka mbio lakini miguu ilimgomea pale pale kwenye mstari wa vigae wa getini, haikuvuka, na geti likajifunga taratibu mbele ya uso wake.

Siku tatu alizunguka nyumba ile akijaribu kila mlango. Alimpigia Jerusha, akamsikia akisema haloo, haloo, kisha akakata. Familia iliporudi imejaa zawadi na hadithi za mto, walimpita jikoni bila kumtupia jicho, na madam akalalamika kwamba mwezi mzima bila Nafula utakuwa mrefu.

Siku mbili baadaye alipiga simu Kimilili. Alilia akiwa hajui kama atasikika. Alisema neno moja tu, "Mama," na kule upande wa pili pumzi ikakatika.

"Ongea polepole," mama yake akanong'ona. Huyu ndiye aliyempa jina siku aliyozaliwa, mvua ikinyesha, na hakuna aliyeweza kulichukua sikioni mwake. "Ni wewe. Huyu aliyekuja jana, alipovuka tu kizingiti nilijua si wewe."

"Mama, mchukue Chelsea mtoke. Nendeni hata kanisani. Tokeni sasa hivi."

"Nimejaribu tangu asubuhi," mama akasema. "Mtoto hataki, Nafula. Amemng'ang'ania shingoni. Anamwita mama."