Mahali pa Kumkamulia Mbula

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Marcelina alikwenda kwanza kumwangalia Mbula. Alimpapasa ubavuni, akamtazama kiwele, kisha akarudi kumpa mumewe habari. Mumewe, Lugembe, alikuwa amekwisha kwenda kuangalia mwenyewe. Hata hivyo alisikiliza kama mtu asiyejua lolote.

Mbula alikuwa mtamba wa maziwa, na mimba yake ya kwanza ilikuwa kubwa. Mtamba wa pili, Tausi, mimba yake ilikuwa bado changa. Lugembe na Marcelina walikuwa wakulima wa tumbaku huko Urambo kwa miaka mingi. Sasa walikuwa wamepunguza shamba la tumbaku, wakapanda majani ya malisho na kununua mitamba hao wawili. Nyumba nzima ilimngojea ndama kama watu wanavyongojea harusi.

Jambo moja tu lilikuwa bado. Hawakuwa na mahali pa kukamulia.

Zizini hawakutaka tena. Masika yaliyopita waliwakamulia humo ng'ombe wa kienyeji waliokuwa nao wakati huo. Zizi lilikuwa tope tupu, na mkia wa ng'ombe ulirusha samadi mpaka kwenye ndoo. Kituo cha kukusanyia maziwa kiliyakataa maziwa yao. Marcelina alirudi nayo kwa baiskeli, na siku ile hakutaka kusemeshwa na mtu.

Lugembe alikuwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa mashine. Aliiona kwenye simu: ng'ombe wamepangwa mstari, mipira inavuta maziwa, hakuna mkono unaogusa chuchu. Alimwonyesha mkewe video hiyo mpaka bando likaisha. Wazo la pili lilikuwa bani la kukaushia tumbaku. Lilikuwa jengo la matofali, imara, na halikuwa na kazi tena. Marehemu baba yake ndiye aliyelijenga.

Siku moja Josepha, afisa mifugo wa kata, alipita kuwapima mitamba. Alikuwa binti mdogo kwao kwa umri. Aliwaamkia shikamoo, wakamwitikia, kisha Lugembe akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye bani. Alimweleza kwa furaha jinsi ng'ombe atakavyoingia na mahali ndoo itakapokaa.

Josepha aliingia ndani, akakaa humo kidogo, akatoka.

"Baba, umevuta hewa ya humu?" aliuliza.

"Ni tumbaku tu, daktari. Sisi tumezoea."

"Ninyi mmezoea. Maziwa hayajazoea. Maziwa huvuta harufu upesi sana. Yakikamuliwa humu, mnywaji atasikia tumbaku kwenye kikombe. Tena humu ni giza na hakuna upepo. Hutaona uchafu, hutaona hata chuchu yenye kidonda."

Marcelina alimwona Lugembe akiugusa ukuta, akamwuliza Josepha juu ya mashine ili mumewe apate nafasi ya kupumua.

Josepha alisema mashine ni nzuri kwa mwenye ng'ombe wengi. Inahitaji umeme usiokatika hovyo. Inahitaji pia maji ya moto na sabuni yake, maana mpira usiooshwa vizuri huharibu maziwa kuliko tope la zizini. Kwa ng'ombe wawili, wangetumia muda mwingi kuiosha kuliko kukamua.

"Sasa tufanye nini?" Marcelina aliuliza.

Josepha aliokota kijiti, akachora chini. Alitaka banda dogo la wazi, la kumtosha ng'ombe mmoja kwa zamu. Liwe na paa, na sakafu ya zege yenye mteremko ili maji na mkojo vitiririke nje. Zege lisilainishwe, lipigwe mistari kwa ufagio likiwa bichi, ng'ombe asiteleze. Mbele kuwe na hori la pumba, na mbao mbili za kumtuliza shingo bila kumbana. Banda liwe karibu na maji, mbali na lundo la samadi na moshi wa jikoni. Upande mmoja uachwe bila ukuta, ili ng'ombe wakiongezeka na banda liongezwe.

"Hili tunaliweza," Marcelina alisema.

Lugembe aliutazama ule mchoro, akaligeukia bani. Kisha akasema, "Matofali ya mzee yatatosha."

Kesho yake alipanda mwenyewe juu ya bani na kuanza kulibomoa. Marcelina alimwambia angeweza kumwita fundi afanye kazi hiyo. Lugembe alisema hapana, hiyo ilikuwa kazi ya mtoto wa aliyelijenga. Matofali waliyasugua, wakayaanika juani, wakajengea hori na ukuta mfupi. Zege lilipokauka, majirani walikuja kulikanyaga ili waone kama kweli halitelezi.

Josepha alikuwa amewaonya wasingoje Mbula azae ndipo wamwingize. Ng'ombe mwoga hashushi maziwa. Basi kila siku walimwongoza bandani, wakampa pumba, wakamgusa kiwele taratibu. Mara ya kwanza aligoma mlangoni na kumkanyaga Lugembe mguu. Haikupita wiki, akawa yeye ndiye anayemvuta Lugembe kwenda kwenye hori.

Alizaa asubuhi moja, jua likichomoza. Ndama alikuwa jike. Marcelina alicheka na kulia kwa pamoja. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, alipewa ndama. Josepha alikuwa amesema ndiyo kinga yake, wala kituoni hayapokelewi.

Siku ya kuanza kuuza ilipofika, Marcelina alinawa mikono kwa sabuni. Aliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akakikausha kwa kitambaa safi. Matone ya kwanza aliyakamulia kwenye kikombe cheusi, akayatazama: hayakuwa na mabonge wala damu. Ndipo akaweka ndoo. Mbula alitafuna pumba, ametulia. Maziwa yalichujwa, yakatiwa kwenye kopo la alumini lenye mfuniko, na Marcelina akapanda baiskeli.

Kituoni, mpokeaji alichota kidogo, akachanganya na spiriti kwenye chupa ndogo, akatikisa. Maziwa yakiwa yameanza kuharibika huganda. Marcelina alikaza macho kwenye chupa. Yalibaki laini. Mpokeaji aliyanusa, akayamimina kwenye tangi pamoja na ya wengine, akamwambia alete tena kesho.

Alitoka nje, akampigia Lugembe simu.

"Wameyapokea," alisema.

Marcelina alidhani mtandao umekatika. Kisha akasikia hatua juu ya zege, na sauti ya mumewe, si kwake, ikisema polepole: "Mbula, mama, wameyapokea."