Watoto Wanne wa Kwenye Kadi

Kila asubuhi Kuntala Bhoi alikula wali wa jana uliolazwa kwenye maji, akatafuna pilipili mbichi moja, akamfunga mdogo wake Babuli vifungo vya shati, kisha wakatoka kwenda kuogopa. Shule haikumtisha. Kilichomtisha kilikuwa kati ya kijiji chetu cha Kendupali na shule, nacho ni reli.

Treni za kwetu hubeba mawe ya chuma kutoka milimani kwenda bandarini. Treni moja ina mabehewa hamsini na nane. Mimi mwenyewe niliwahi kuanza kuihesabu nikiwa na meno yote kinywani. Nilipofika behewa la mwisho yalikuwa yamebaki manne. Karibu na kijiji ipo taa ya ishara. Ikiwaka nyekundu, treni husimama palepale na kuikata njia ya shule kama ukuta. Husimama dakika tano, au saa mbili, hakuna ajuaye. Kuzunguka hadi kivuko cha stesheni ni kilomita saba, na lango la shule hufungwa saa nne kamili.

Basi watoto walipita chini ya treni.

"Inama. Kumbatia mkoba. Usiguse chuma," Kuntala alimwambia Babuli kila siku. "Ukisikia tsss, usifikiri. Toka."

"Nitokee upande gani?"

"Wowote ulio karibu, bwege wewe!"

Hiyo tsss ni pumzi ya breki zikiachia. Baada yake huja mshindo, behewa likivuta behewa, gwa-gwa-gwa-gwa, unakujia mbio kuliko farasi. Mtoto wa Kendupali hujifunza sauti hiyo kabla ya kujifunza jina lake.

Jumatatu moja ya masika, Kuntala alikuwa ameshatokea upande wa pili aliposikia tsss. Akageuka. Babuli, mtoto wa miaka sita, alikuwa bado chini, amepiga magoti kati ya reli mbili. Mkanda wa mkoba wake ulikuwa umenasa kwenye chuma.

"Uvue! Vua mkoba!"

Babuli alimtazama tu. Gwa-gwa-gwa, mshindo ulikuwa unakuja. Kuntala alijitupa kifudifudi, akamshika mguu, akavuta kwa nguvu zake zote. Mkanda ukakatika. Gurudumu likapita juu ya mkoba, na vitabu vikasagwa kama dengu.

Babuli hakulia. Aliyeshindwa kushika kalamu hadi saa sita mchana ni Kuntala.

Mama yao alipopata habari aliacha mpunga wake shambani, akaenda kugonga milango. Mwenyekiti wa baraza la kijiji alikuwa Bi Hemalata, lakini aliyejibu ni mumewe, Bwana Dhruba, maana mzee huyo hupenda kujibu maswali ambayo hakuulizwa.

"Reli ni mali ya serikali kuu ya Delhi, shemeji. Baraza likiweka hata kokoto pale, tutashitakiwa."

Mama akaenda stesheni. Huko wakamwambia, "Treni ni zetu. Lakini njia ya miguu ni ya kijiji, na daraja huombwa na serikali ya jimbo." Akapanda basi hadi ofisi ya wilaya, ambako ndiko jimbo linakokaa kwetu. Karani akamwambia, "Mama, mambo ya reli si yetu. Hata mbunge wenu aliuliza swali kwenye bunge la jimbo mwaka juzi. Waziri akasimama, akajibu kwamba reli ni ya Delhi. Swali likaisha hivyo."

Alirudi jioni, miguu imevimba. "Mtoto wa baba watatu hulala njaa," akasema.

Wiki hiyo Mwalimu Bidyadhar alikuwa anafundisha uraia. Alieleza kwamba nchi yetu ni kama jamaa kubwa: kuna kazi za Delhi, kuna kazi za jimbo, kuna kazi za baraza la kijiji. Mabunge hutunga sheria, na mawaziri huwajibika kwa mabunge hayo. Juu ya wote ipo katiba, na mahakama ndiyo huangalia kama kila mmoja anaitii.

"Na kila mmoja akisema si kazi yangu?" Kuntala aliuliza.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Hapo Mahakama Kuu kule Katak inaweza kuwaita wote chumba kimoja. Uhai ni haki iliyoandikwa kwenye katiba. Mtu asiye na wakili anaweza kuwaandikia majaji barua. Watu wamewahi kuandika kadi ya posta, na ikapokelewa kama kesi."

"Kadi ya paisa hamsini, Mwalimu?"

"Ya paisa hamsini, nusu rupia tu."

Siku ileile Kuntala alinunua kadi. Alikaa nyuma ya kisima cha shule na rafiki yake Jhunu, msichana ambaye ulimi wake haukuwahi kulala usingizi. Kuntala aliandika juu ya reli, taa nyekundu, milango mitatu na mkoba.

Jhunu akasoma, akaguna. "Mkoba? Majaji wa Katak waache wauaji na wezi, wahangaikie mkoba? Weka damu, dada. Andika watoto wanne wamekufa."

"Lakini hawajafa."

"Watakufa tu siku moja. Wewe unatanguliza habari."

Kuntala aliufikiria mguu wa Babuli mkononi mwake. Akafuta mkoba. Akaandika: *Watoto wanne wameshakatwa na treni.* Akatia jina lake na la shule, akaitumbukiza kadi kwenye sanduku la posta kabla moyo haujageuka.

Miezi miwili ikapita. Alikuwa karibu kuisahau, siku bahasha kubwa yenye muhuri ilipofika shuleni. Mwalimu Bidyadhar aliisoma akiwa amesimama, halafu akaisoma tena akiwa ameketi. Mahakama Kuu ilikuwa imeipokea kadi kama kesi. Watu wa reli, serikali ya jimbo na baraza la kijiji walitakiwa kujibu. Alhamisi wakili aliyeteuliwa na mahakama angekuja kuiona njia na kuandika majina ya watoto wanne waliokufa, na ya wazazi wao.

"Kuntala," Mwalimu akasema taratibu, "watoto gani wanne?"

Kuntala alisikia tsss masikioni, na treni haikuwapo.

Habari katika Kendupali haitembei, huruka. Kabla ya jua kutua watu walikuwa wamejaa barazani kwa mwenyekiti. Kuntala alidhani watampiga. Ajabu ni kwamba walifurahi, na hilo likamtisha zaidi.

"Hii kesi ni nzuri sana," alisema Bwana Dhruba akisugua viganja. "Imekosa maiti tu."

"Niandikeni mimi," Jhunu akadakia. "Nitajificha kwa bibi yangu mpaka daraja liishe."

"Wee, nyamaza. Wanatakiwa waliokufa kweli. Kijiji hiki kimezika watoto. Nani atachunguza kama ni homa au ni treni?" Bwana Dhruba akamgeukia Bi Jamuna, aliyekuwa ameketi pembeni. "Shemeji, mwanao uliyemzika mwaka jana. Jina tu. Ni kwa faida ya wote."

Bi Jamuna alinyanyuka polepole.

"Mwanangu alikufa kwa malaria, kichwa chake kikiwa hapa," akasema, akigusa paja lake. "Nilimzika mara moja. Mkimuua mara ya pili, Bwana Dhruba, mimi na wewe tutaonana mbele ya mungu Jagannath." Akatoka. Hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Kuntala alikimbia nyuma ya nyumba akajikunyata ukutani. Akisema kweli, kesi itatupwa, na Babuli ataendelea kuinama chini ya magurudumu. Akisema uongo, atakuwa ameiba mtoto wa mtu kaburini. Na vyovyote vile, aliamini, yeye atafungwa.

Siku ya pili alimkuta Mwalimu peke yake darasani.

"Mwalimu, watanifunga?"

Alitamani aambiwe hapana. Lakini Mwalimu Bidyadhar hakuwa mtu wa kumpa mtoto maneno matamu asiyo na hakika nayo.

"Sidhani. Ila sijui watafanya nini na kesi. Niliwaonyesha mlango ulipo, sikuwafundisha kupiga hodi. Kosa hilo ni langu." Akafuta ubao. "Ukitaka kusema, nitasimama karibu nawe. Kusema siwezi kukusemea."

Alhamisi lilifika gari moja, wakashuka watatu. Wakili Suprabha alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene na raba miguuni chini ya sari nyeupe. Pamoja naye walikuwapo mhandisi wa reli na afisa wa jimbo, nao walisimama mbali mbali kama watu waliogombania kiti. Watu wa kijiji walisubiri kando ya reli. Bwana Dhruba alikuwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni, na Kuntala alijua karatasi ile ina majina.

"Kuntala Bhoi ni nani?"

Alisogea mbele, na Mwalimu akasogea naye.

"Ni mimi, mama wakili." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nimesema uongo. Hakuna aliyekufa. Hata mmoja. Msiandike majina."

Mhandisi akafunga faili lake kwa kishindo. "Haya! Tumeendesha gari muda wa saa tano kufuata hadithi ya mtoto. Kesi imekwisha, mama, turudi."

"Shetani wa mtoto!" Bwana Dhruba alinong'ona.

Wakili Suprabha aliandika mistari miwili, hakuinua uso. "Nimeandika kwamba hakuna aliyekufa. Sasa niambie yaliyo kweli."

Kuntala akafungua kinywa aanze kueleza. Wakati huohuo taa ikawaka nyekundu, na treni ya saa tatu na nusu ikaingia, ikapunguza mwendo, ikasimama mbele yao. Behewa jekundu, behewa jekundu, mwanzo wake hauonekani wala mwisho. Watoto waliochelewa walikuwa wanatoka kijijini mbio. Hawakuwajali wageni. Waliijali saa nne.

Waliinama, wakaingia.

"Wanafanya nini?" afisa wa jimbo aliuliza. "Hawa watoto wanafanya nini?"

Wa kwanza watano walipita, halafu tisa, halafu kundi, huku dada wakiwasukuma wadogo zao vichwa. Wakili alikuwa anahesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na sita, Kuntala alimwona Babuli, ambaye siku hiyo alikuja na mama yake kutazama wageni, akiwafuata wenzake kwa mazoea. Alikuwa anatambaa, amekumbatia mkoba mpya.

Tsss.

"Babuli! Toka!"

Aliyeruka kabla yake ni mhandisi. Faili lilitapakaa kwenye kokoto. Alianguka kwa tumbo, suruali yake nzuri ikachanika goti, akaingiza mikono chini ya behewa, akamvuta Babuli kwa kola. Gwa-gwa-gwa-gwa. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Mwanamume yule alibaki amekaa chini, amemkumbatia mtoto asiyemjua, anatetemeka kuliko Babuli.

"Kila siku?" akauliza. "Hivi ni kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili," alisema Babuli. "Uniachie sasa, bwana, nitachelewa."

Wakili Suprabha alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Afisa," alisema, "andika na wewe. Reli tumeiona, njia tumeiona, na watoto ishirini na saba tumewaona kwa macho yetu. Wote wako hai. Majaji waamue kama wabaki hivyo."

Kesi ilisikilizwa Katak mwezi uliofuata. Safari hiyo mawakili wa pande tatu walikaa chumba kimoja, na kila mmoja alipoanza kusema si kazi yangu, mwenye kazi alikuwa palepale anamsikia. Amri ilikuja kwa bahasha yenye muhuri uleule. Mlinzi wa reli mwenye bendera awekwe ndani ya siku kumi na tano. Daraja la miguu lijengwe ndani ya mwaka: reli wajenge juu ya njia zao, jimbo litoe ardhi na nusu ya gharama, baraza litunze ngazi na taa. Na mstari mmoja Mwalimu aliusoma mara mbili: *Mwandishi wa kadi aliandika jambo la uongo, kisha akalikanusha mwenyewe mbele ya watu kabla ya kuulizwa. Mahakama inamwonya kwa lile la kwanza, na inamwamini kwa sababu ya la pili.*

Daraja lilichelewa miezi minne, nami nisingeamini kama lingewahi. Lina ngazi arobaini na nne kila upande. Siku ya kwanza watoto walipanda na kushuka mpaka mbuzi wakaingia shuleni kuwatafuta.

Mwalimu Bidyadhar aliwaita darasani kwa shida. "Haya, nani amejenga daraja?"

"Watu wa reli!"

"Jimbo!"

"Majaji!" wakapiga kelele wengine.

"Mimi," alisema Jhunu, "maana nilikubali kufa." Darasa likaangua kicheko, hata Kuntala.

Mwalimu alisubiri watulie.

"Reli, jimbo, baraza, bunge na mahakama walikuwapo kabla hamjazaliwa," alisema. "Katiba imewapa nguvu, lakini haikuwapa macho ya kuiona Kendupali. Macho ni ya raia. Ndiyo maana raia hana ruhusa ya kudanganya: ukiwaonyesha kisichokuwapo, siku ya kilichopo hawatageuza shingo. Tungeandika majina yale, leo tungekuwa na kesi ya uongo na njia ileile. Kuntala aliogopa, akasema kweli huku anaogopa. Hivyo ndivyo kweli husemwa mara nyingi."

Nje, treni ya mawe ya chuma ilisimama chini ya daraja. Ikapumua, tsss. Darasa zima likanyamaza kwa mazoea, wakahesabiana kwa macho. Wote walikuwapo.